Ijumaa Niliyokataa Kichwa Kipya

Ijumaa, jioni. Kendu Bay kumechemka tangu asubuhi, na mawingu yamekaa juu ya milima ya Homa kama wageni wasiojua kama wanalala au wanaondoka. Mgongo unauma, vidole vimekufa ganzi. Lakini leo, shajara yangu, naandika nikitabasamu.

Nimefika nyumbani jua likiwa bado liko juu.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Mimi ni msusi, na mji huu umejaa Wasabato. Kila mwanamke anataka nywele zake ziwe tayari kabla jua la Ijumaa halijazama, maana likishazama Sabato imeingia, na mambo ya saluni yamekwisha. Basi wanakuja wote mchana, kwa pamoja, kama waliopigiwa kengele. Na Mama Rukia, mwenye saluni, hajui kumrudisha mteja. Alitoka Mombasa kuja kufanya biashara huku, na kwake kila anayeingia mlangoni ni riziki. "Kaa, mwanangu, kaa, utasukwa." Sasa anayesuka ni mimi na mwenzangu Akinyi.

Nikisema ukweli, Ijumaa ilikuwa imeanza kuniumiza tangu Jumatano. Usingizi hauji. Kuna siku nimejifungia kwenye choo cha saluni, nikafungua mfereji ili nisisikike, nikalia. Kisha napangusa uso, narudi kwa kichwa cha mtu, nacheka na wateja huku maziwa yanalowesha blauzi.

Mwanangu Baraka, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutambaa, hushinda kwa jirani yangu, Min Ouko, yaani mama yake Ouko. Ni mama mwema, na ni Msabato kweli kweli. Wiki iliyopita niligonga mlango wake giza likiwa limeshaingia. Alinikabidhi mtoto polepole, akasema, "Mwanangu, nakupenda. Lakini ukinichelewesha Sabato tena, tafuta mtu mwingine."

Bila Min Ouko sina kazi. Ni hivyo tu.

Leo ilipofika saa kumi nilikuwa nafunga kichwa cha mwisho. Mara akaingia mama mmoja wa kwaya, nywele wazi, mfuko wa rasta mkononi. Anataka nyembamba, zifike kiunoni. Mama Rukia akaanza wimbo wake, "Kaa, mwanangu..."

"Hapana," nikasema.

Vichwa vyote vikageuka. Hata mimi nilishtuka.

"Rasta siwezi kuanza saa hii, Mama Rukia. Nitamsuka matuta ya kurudi nyuma, mimi upande huu, Akinyi upande ule. Halafu naenda kwa mtoto wangu."

Yule mama akashika kiuno. "Matuta? Mimi nasimama mstari wa mbele! Unataka nionekane kama mtoto wa darasa la pili?"

"Mama, jua halingoji rasta. Nikianza saa hii, kesho utaimba na nusu kichwa."

Akinyi ndiye aliyecheka kwanza. Kisha mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha akadakia, "Na hiyo nusu ingine utafunika na nini, kitabu ya nyimbo?"

Wote wakaangua kicheko. Mama wa kwaya naye akashindwa kujizuia. "Huyu msichana ana mdomo!" Akaketi. "Haya, suka. Lakini yasiwe manene kama ya viazi."

Mama Rukia hakucheka. Aliniangalia kupitia kioo, nikaona kazi naipoteza. Nikasuka hivyo hivyo.

Tulipomaliza, yule mama aligeuza kichwa huku na huku, akagusa matuta yake kwa ncha za vidole, akaanza kuimba sauti ya kwanza palepale kwenye kiti. Nikajua amependa.

Nilikuwa nanawa mikono niende zangu alipoingia mwingine, na yeye na mfuko wake wa rasta. Nikashusha pumzi nianze vita upya. Lakini Mama Rukia alimwahi mlangoni.

"Saa hizi ni matuta peke yake, mwanangu. Rasta uje mapema." Kisha akanigeukia. "Nawe bado wafanya nini hapa? Nenda ukanyonyeshe!"

Nilitoka mbio. Min Ouko alikuwa anaanua nguo, Baraka mgongoni. Aliponiona aliachia shuka likaanguka.

"Mungu wangu! Wamekufuta kazi?"

"Hapana, mama. Nimemaliza."

Nikaketi pale pale kwenye nyasi nikamnyonyesha mwanangu, mchana kweupe, hadi akashiba akaniuma kwa raha zake.

Ijumaa ijayo watakuja tena, wote kwa pamoja. Nitakataa tena. Na safari hii nitaanza kukataa mapema.