Kichupa chenye uzi mweupe

Jumamosi, mwezi wa nane.

Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Ni ile baridi yetu kavu ya Dodoma, ya kuvaa sweta ukiwa juani. Nimekaa barazani. Gari liko mbele yangu, halitembei, na naona haya hata kulitazama.

Leo nimemjua aliyeua breki za gari letu. Ni mimi.

Gari hili lilikuwa la mke wangu, Mama Neema, kwa maana kwamba yeye ndiye aliyelielewa. Mimi ni mtu wa masjala, nashinda na mafaili kwenye ofisi za serikali huko Mtumba. Yeye alikuwa fundi nguo, lakini kila Jumamosi ndiye aliyefungua boneti. Kazi yangu ilikuwa kushika kifuniko cha mafuta ya breki kisiingie vumbi. Nilikishika miaka mingi na sikuwahi kuuliza anamimina nini.

Alifariki mwezi wa pili.

Mwezi wa sita niliona mafuta ya breki yamepungua. Kwenye shelfu yake, pembeni ya cherehani, kulikuwa na vichupa viwili vilivyowahi kuwa vya maji ya kunywa, vyote vina mafuta meupe yanayoelekea njano. Kimoja alikifunga uzi mweupe shingoni, kingine uzi mweusi. Nilivigeuzageuza, sikuona tofauti. Mwishowe nikachukua cha uzi mweupe kwa sababu ndicho kilichokuwa mbele, nikajaza.

Baada ya wiki moja pedeli ikaanza kulegea. Ukikanyaga inashuka polepole, kama umekanyaga godoro. Ukipampu mara mbili tatu inapanda, ukituliza mguu inazama tena. Nikalipeleka gari kwa Mzee Ramadhani, mtu wa Kondoa, ambaye ndiye fundi wetu tangu tulinunue. Alikagua magurudumu yote manne, hakuna palipovuja. Akatoa upepo kwenye breki, zikashika siku tatu. Niliporudi akafungua masta, ile pampu kuu ya breki, akatia mipira mipya, zikashika wiki mbili. Mara ya tatu akanionyesha mpira wa kile kifuniko nilichozoea kushika. Ulikuwa umevimba kama andazi. Akaniuliza niliongeza mafuta gani.

"Sijaongeza kitu," nikamwambia.

Akauliza tena kwa upole, labda kuna mtu nyumbani aliyeongeza. Nikasema hapana. Akatia mipira mingine, akaniruhusu.

Siku ile sikujua kama nimekosea. Nilijua tu kwamba sina hakika. Niliona aibu kusema mbele ya mtu mwingine kwamba nimeishi na mke wangu nyumba moja miaka yote hiyo na vichupa vyake sivijui.

Jumapili iliyopita nilikwenda Hombolo kumchukua mama mkwe. Binti yetu Neema alikuwa kiti cha nyuma. Wakati wa kurudi ng'ombe wakavuka barabara. Nikakanyaga, pedeli ikaenda mpaka chini na haikurudi. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, gari likasimama mkia wa ng'ombe wa mwisho ukigusa boneti. Mama mkwe akanishukuru, akasema nimesimama vizuri. Neema alikuwa anaitazama mikono yangu.

Jioni yake kwenye sala ya jumuiya nikawaambia watu kwamba Mzee Ramadhani ananiwekea vifaa feki.

Walinisikiliza kama wafiwa wanavyosikilizwa. Baba Yohana, mwenye lori la mchanga, akasema basi na yeye atahamia kwa fundi mwingine. Wawili wengine wakaitikia. Nikarudi nyumbani nikiwa nimetulia, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi leo.

Asubuhi hii Neema alikaa kwenye cherehani ya mama yake apunguze sketi ya shule. Ikawa inakwama. Akanyoosha mkono kwenye shelfu.

"Baba, mafuta ya cherehani nani kayamaliza?"

Nikamuuliza amejuaje kwamba ni ya cherehani.

"Uzi mweupe cherehani, uzi mweusi gari. Mama alinifundisha nikiwa darasa la nne."

Nikachukua kichupa, nikaenda kwa miguu.

Mzee Ramadhani alikuwa amekalia tairi, anafunga rejeta. Nikamwamkia, nikampa kichupa, nikamweleza yote mpaka yale niliyosema jumuiyani. Alifungua, akanusa, akasugua tone kati ya vidole.

"Baba Neema, ulitaka gari likushonee suruali?"

Hakucheka, nami sikuthubutu.

Akanieleza kwamba mafuta ya cherehani huvimbisha kila mpira yanaougusa, ndiyo maana kila alichotia kipya kiliharibika. Itabidi kubadili mipira yote, ya masta na ya magurudumu, na kusafisha mabomba mpaka yatoke safi. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Tangu siku niliyomwambia sijaongeza kitu, wateja wa breki anawarudisha bila kuwagusia magari. Alidhani macho yake yamekwisha. Aliogopa ataua mtu.

Wiki tatu mzee huyu ameiogopa mikono yake kwa ajili ya maneno yangu mawili.

Nikamwomba msamaha. Alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nimekusamehe. Lakini jina langu hukuliharibia hapa. Nenda kalirudishe huko ulikolipeleka."

Nilipofika barabarani akaniita. Akasema gari nilipeleke Jumanne, lakini livutwe, nisithubutu kuliendesha. Breki atazifanya yeye.

Kesho jioni jumuiya ni kwa Baba Yohana. Sentensi yangu nimeijaribu tangu nirudi, na si kuisema ndiko kunakonitisha. Naogopa watanihurumia. Nikianza tu kumtaja Mama Neema na vichupa vyake, kina mama watashika vichwa, watasema huyu kafiwa, hakuwa na akili zake, mwacheni. Nami nitakaa chini nimesamehewa kabla Mzee Ramadhani hajasafishwa.

Sitaki msiba unitetee. Mafuta naweza kusema niliyamimina kwa majonzi. Uongo niliusema nikiwa na akili zangu timamu.

Kwa hiyo kesho sitaanza na kifo wala vichupa. Nitasimama na kusema kwamba Mzee Ramadhani ni fundi mzuri na mkweli, mimi nilimsingizia, na Baba Yohana arudi kwake. Wakiuliza kwa nini nilifanya hivyo, nitawaambia niliona aibu.