Makala ya Lorna Kuhusu Vibanda

Minneapolis, 4 Oktoba 1966

Baba mpendwa,

Hujambo? Goti la mama linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi adimu: nimechaguliwa mhariri wa jarida la sheria la chuo! Wanafunzi ndio waliolianzisha miaka hamsini iliyopita, na hadi leo wanalihariri wao. Usicheke, majaji hulisoma kabla ya kuamua kesi. Mwanamke ni mimi peke yangu. Jana mwenzangu Pruitt kaniuliza, "Dada, kahawa iko wapi?" Nikamwambia, "Jikoni, kaka. Yangu usitie sukari."

Makala yangu inahusu vibarua wa viazi vya kutengenezea sukari wanaotolewa kwenye vibanda wanamolala shambani mara kazi inapokwisha. Nimeeleza yaliyowapata akina Zamarripa, vibarua wa shambani kwetu, bila kuwataja.

Binti yako,
Lorna

Shambani, 20 Oktoba 1966

Mwanangu,

Sisi wazima, goti ni lile lile. Hongera. Lakini akina Zamarripa niliwatoa mimi, na hapa nani asiyejua? Unamsomesha mtoto aje akuanike! Iondoe makala hiyo.

Baba yako

Minneapolis, 2 Novemba 1966

Baba,

Habari za nyumbani? Jina lako halimo wala halitakuwamo. Lakini nilikuwepo siku ile ulipowatoa. Nilimwona mama Zamarripa kasimama na mtoto kwenye theluji, anakutazama. Nisamehe kama nakukosea adabu. Siiondoi.

Binti yako,
Lorna

Minneapolis, 9 Mei 1968

Baba,

Natumaini u mzima. Hujanijibu tangu mwaka juzi. Habari zako nazipata kwa mama. Leo mahakama kuu ya jimbo imeamua kwamba kibarua asitolewe kibandani bila notisi. Jaji amenukuu jarida letu, makala yangu. Nimetaka uyasikie haya kwangu kabla ya majirani.

Binti yako,
Lorna

Shambani, 11 Novemba 1968

Lorna mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Majirani walinicheka kanisani: "Halvard, kumbe umetusomeshea wakili wa vibarua!" Nikawajibu, "Nimesomesha wangu. Nyie kinawauma nini?"

Makala nimeisoma, mama yako kashika kamusi. Tanbihi zako zinachosha kuliko palizi, lakini nimefika mwisho.

Akina Zamarripa walirudi msimu huu. Viazi vimekwisha, na jana theluji ilianguka. Nilikwenda kubisha hodi kibandani kwao. Yule mama aliponiona alianza kufunga mizigo. Nikamwambia, "Acha, mama. Nimeleta kuni."

Baba yako