Dakika Kumi za Kaka Hashimu

Nzuguni, Dodoma
16 Machi 2002

Kwa kaka yangu Hashimu,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kondoa, wewe na Baba na Mama. Mguu wa Mama umepona? Mimi sijambo, ila naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo mwandiko unisamehe.

Kaka, nimeshinda! Ule mji wa hatua ya saba, unaotakiwa kuutwaa kabla ya dakika thelathini kwisha, nimeutwaa jana zikiwa zimebaki sekunde arobaini! Kwa watakaosomewa na hawaelewi, nasema mchezo wa vita kwenye kompyuta za Bi Mwanahawa, pale ninapofanya kazi ya kuchapa. Unalima, unajenga, unaandaa jeshi, na saa inakukodolea macho pembeni ya kioo.

Unakumbuka saa ile ilivyogombanisha wachezaji. Karani Ambokile bado anaitukana. Anasema anataka kujenga kuta zake kwa raha zake, si kukimbizwa kama mwizi. Dorothea naye anasema bila saa angesinzia. Zikibaki dakika tano hucheza akiwa wima. Wiki iliyopita walimwendea Bi Mwanahawa, huyu akitaka saa iondolewe, yule ibaki. Aliwajibu kwamba saa anayoijua yeye ni ya kufunga mlango.

Kumbe sote tulikosea jambo moja. Sisi watu wa huku hatuondoki kwenda popote kabla ghala halijajaa. Tulikuwa tunavuna mpaka dakika ya ishirini, ndipo tunakusanya askari. Jana nilimkumbuka Mama anavyopanda uwele shamba likiwa vumbi tupu, mvua haijaonyesha hata dalili. Nikatoa askari sita dakika ya nne, ghalani hamna kitu, wengine wakawafuata njiani. Lango la mji lilipovunjika nilipiga kelele hadi muuza vitumbua wa nje akaingia kutazama.

Hapa, kaka, acha kuwasomea kwa sauti. Yanayofuata ni yako peke yako.

Siku uliyoshinda wewe mji huohuo, ulikuwa umeshindwa mara kumi na moja. Kazi uliyoomba uliikosa juma hilohilo, chakula ulikuwa hukigusi, na ulisema unarudi nyumbani kwa sababu hakuna unaloliweza. Saa ulikuwa umeibandikia karatasi ili usiione. Ulipokwenda kuswali alasiri, nilifungua sehemu ya kurekebisha mchezo, nikaongeza dakika kumi. Ulishinda dakika ya thelathini na sita. Bi Mwanahawa akaandika jina lako ukutani, nami nikapiga makofi kuliko wote. Naona aibu, kaka, ila furaha uliyokuwa nayo siku ile siijutii.

Sasa anataka kuandika jina langu chini ya lako, mshindi wa pili. Nimemwomba asubiri kwanza. Njoo ucheze kwa dakika thelathini zenyewe, bila karatasi, nami nitakaa mbali na kompyuta. Ukitaka lako lifutwe, nitalifuta mwenyewe. Usiponijibu, langu haliandikwi.

Haya, endelea kwa sauti. Msalimie Baba, na majirani wote wanaoniulizia. Mama mwambie upandaji wake umeteka mji, na jina la mwanawe bado liko ukutani.

Mdogo wako akupendaye,
Naima