Kichwa cha Samaki ni cha Mwenye Mtihani

Jumatatu, 7 Juni 1999

Nimesahihisha madaftari kumi na sita ya Kifaransa. Yamebaki ishirini na manne. Gredi ya tisa bado wanaandika kwamba wao ni njaa, badala ya kwamba wana njaa. Nimeamua kutokasirika.

Damu tena, siku ya kumi na moja. Nilisimama kufuta ubao, nikajikuta nimekaa sakafuni. Wanafunzi walidhani natania. Mulenga amesema Jumatano twende hospitali, na mume wangu akisema jambo mara moja halirudii.

Jumatano, 9 Juni

Uvimbe kwenye kizazi. Mkubwa kuliko ngumi. Daktari atautoa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 18. Lakini hanipasui bila chupa mbili za damu kando yake. Damu yangu ni O hasi. Hospitali ina chupa moja tu.

Akauliza ndugu zangu wako wapi. Wazazi wamekufa, kaka yuko Kinshasa. Hapa Nchelenge mimi ni yule Mkongo aliyeolewa. Mulenga alikuwa wa kwanza kutoa mkono. Haikufaa. Akakaa kwenye benchi akalia mbele ya masista, fundi mzima wa mashua.

Mwanetu Chola yuko shule ya bweni. Tumekubaliana asiambiwe.

Naogopa kufa. Nimeshaandika, basi.

Ijumaa, 11 Juni

Walimu kumi na mmoja wamepimwa. Hata mkuu wa shule, ambaye tangu Januari hatusalimiani. Hakuna aliyefaa. Nimewashukuru mmoja mmoja, na nilimaanisha.

Namjua mtu mmoja mwenye damu hii. Béa. Tulipimwa siku moja chuoni Lubumbashi, mwaka wa pili. Muuguzi akatuuliza kama tu mapacha. Tulicheka mpaka akatufukuza.

Tulikuwa watatu chumba kimoja: Béa, Yoze na mimi. Sahani moja, bukari moja, ndiyo ugali wa kwetu, samaki mmoja wa barafu. Na sheria moja: mwenye mtihani kesho ndiye anayekula kichwa. Hakuna kubishana. Siku moja nilidanganya kwamba nina mtihani. Béa aligundua, akaninunia wiki nzima.

Yoze yuko Ubelgiji. Hutuma kadi kila Krismasi, haandiki kitu ila jina. Béa ana duka la dawa Kilwa, ile ya kwetu Wakongo, ng'ambo ya ziwa hili hili ninaloliona dirishani. Miaka mitatu hatujaandikiana.

Kosa ni langu. Baba yake alipofariki sikwenda kwenye matanga. Nilimpa mwenye mashua bahasha na kitenge apeleke. Nikaandika kwamba nina mitihani ya wanafunzi. Uongo. Nilikuwa na nafasi. Niliogopa tu kumwona amelala pale, mzee aliyenilisha likizo zote na kuniita binti yake.

Sasa nimwombe binti yake damu? Sina uso.

Jumamosi, 12 Juni

Nimekwenda Kashikishi kwa mfanyabiashara mwenye foni, ile redio ya kuongea na watu wa ng'ambo. Kila saa nne asubuhi anaongea na Kilwa, bei za samaki na chumvi. Ukitaka kusema na mtu wako unapanga foleni, na foleni yote inakusikiliza. Ukimaliza zamu yako unasema À toi, mwenzako ajibu. Wanawake kumi na wanne leo. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya kuomba radhi. Yote yalipotea.

Nilisema tu, "Béa, ni miye Odile. Niko na egzame Ijumaa, pa hospitali. Batanipasula. À toi."

Fundi wa foni akaipiga ile mashine ubavuni, akidhani imekufa.

Halafu sauti yake. "Egzame ya kweli ao ya bongo? À toi."

Nikasema ya kweli, si ya uongo. Wanawake walikuwa wanacheka: mama mzima na mitihani.

"Minasikia. Terminé."

Ni hayo tu. Hakusema anakuja, wala hakusema haji. Na mimi neno damu sikulitaja. Haya zilinishika, mbele ya foleni. Mjinga mimi.

Jumatatu, 14 Juni

Hakuna mtu. Miguu imevimba.

Jumatano, 16 Juni

Nimelazwa. Mashua za Kilwa hazijaja tangu jana. Wanajeshi wamefunga bandari, wanasema wachuuzi, vita vinasogea. Mulenga ameshinda ufukweni akiuliza kila anayeshuka. Foni nayo kimya.

Daktari amesema ataahirisha. Nimemwuliza nina muda gani. Akaniambia nisifikirie hayo. Nayafikiria.

Alhamisi, 17 Juni

Amekuja!

Saa sita mchana, wodini, viatu mkononi, ananuka samaki kutoka kichwani mpaka miguuni. Amezeeka. Mimi pia. Bandari ilipofungwa alipanda baiskeli ya kukodi kuelekea kusini, akavuka na wavuvi mpaka kisiwa cha Chisenga, akalala kwenye kambi yao, asubuhi akapanda mashua ya wachuuzi mpaka hapa. Siku mbili.

Hakunisalimu. Alivuta kiti akaanza kunisema, wagonjwa wote wakageuka kututazama.

"Papa alikufa, haukukuya. Ulituma enveloppe. Enveloppe haijue kulia!"

Akanieleza matanga yote, siku baada ya siku. Nani alikuja, nani aliimba. Kwamba mzee aliniulizia siku mbili kabla. Kwamba mama yake aliacha nafasi yangu kwenye mkeka. Nililia. Nikamwambia kweli, kwamba sikuwa na mitihani yoyote, niliogopa. Akasema alijua. Mimi hudanganya kuhusu mitihani, alinijua tangu zamani.

Ndipo nikaona pamba kwenye kiwiko chake. Imefungwa kwa plasta.

Alikuwa ameshatoa. Alipofika tu, kabla ya kunitafuta, aliuliza wanapotoa damu ni wapi. Alikisia tangu siku ya foni: mtu aliyenyamaza miaka mitatu haiti bure, na kitu tulicho nacho sisi wawili peke yetu ni kile. Imepimwa, ni safi, inafaa.

Nikamwomba anisamehe.

"Nitakusamehe kisha egzame. Sasa kula."

Akafungua mfuko. Kichwa cha kambale, cha kukaushwa kwa moshi, kikubwa mno. Mulenga alikipika uani. Nimekula chote, mpaka macho. Yeye alikula bukari na mchuzi tu.

Ijumaa, 18 Juni

Asubuhi. Wanakuja kunichukua. Béa amelala kitini, mdomo wazi. Asante, Mungu, hata ikiwa

Jumatano, 23 Juni

Niko hai. Chupa zote mbili zilitumika, daktari amesema. Kucheka kunauma, na Béa anajua, kwa hiyo hanyamazi.

Amenisamehe Jumamosi, wakati ananichana nywele. Alisema hivyo hivyo, bila kusimamisha kitana.

Jumatatu, 28 Juni

Béa ameondoka leo. Bandari imefunguliwa. Mulenga na mimi tumemwomba abaki upande huu. Akasema mama yake hawezi kutembea, na watu wa Kilwa watanunua wapi dawa. Nimemkasirikia. Pia namshukuru, na siwezi kuvitenganisha. Tumeandika barua moja kwa Yoze, kurasa nne, tukatia sahihi sote wawili. Ajue kadi hazitoshi.

Jumamosi, 3 Julai

Mulenga amekwenda kwenye foni. Béa alifika salama. Wanajeshi wameongezeka mjini. Duka liko wazi.

Nimetembea mpaka mlangoni na kurudi. Madaftari ishirini na manne bado yananingoja.

Jirani ameleta kambale mbichi. Mulenga alitaka kunipikia kichwa, nikamkataza. Nimekikata mwenyewe, nimekitia chumvi, nimekitundika juu ya moshi wa jiko. Kitakauka taratibu, kinaweza kukaa miezi. Béa hajasema ana mtihani lini.