Mama Si Cheo

4 Februari

Mwanangu Kinanda,

Salamu nyingi. Habari za huko na za kazi? Mimi sijambo, ila mtoto wa jicho, ambaye siku hizi ananisumbua kuliko mtoto niliyemzaa. Naandika kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza, usinicheke.

Kwaya yetu inachapisha kitabu cha nyimbo zetu za miaka thelathini. Mwalimu wa kwaya anataka nyuma kuwe na faharasa ya watunzi, na majina yametushinda, kila mtu kaandikwa anavyojua mwandikaji. Nikajitapa kwamba mwanangu huitumikisha kompyuta. Usiniaibishe.

Zangu ni kumi na nne. Zote nilisaini Mama Kinanda, kwa jina nililokupa kwa vile ulivyokuwa ukilia mchana kutwa bila kupumzika. Watu wameziimba bila kujua ni za nani. Nataka nilione jina hilo limepigwa chapa kabla jicho la pili halijafunga.

Mama Kinanda

19 Februari

Mama,

Shikamoo. Pole na jicho, tafadhali nenda hospitali. Mimi mzima.

Kazi ni ndogo. Nimeandika programu inayosoma kila jina, inakata vyeo vya mbele, kisha inachukua neno la mwisho na kulitanguliza. Yanayobaki yanakuwa herufi moja moja. Majina mia mbili yanapangika kabla chai haijapoa. Mwambie mwalimu asiwe na wasiwasi, nitawasiliana mwenyewe na mpiga chapa.

Mwanao, Kinanda

8 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Huku wazima. Kitabu kimetoka, nakala mia tatu, jalada la kijani.

Fundi Saa, mtunzi mwenzangu, amekuwa "Saa, F." na sasa kila akipita wanamuuliza saa F ndiyo saa ngapi. Tumecheka sana.

Mimi nilimwomba jirani yangu mshonaji anisomee kwenye M. Akasema sipo. Nikamwambia atazame vizuri. Akapekua, akasema, "Kinanda yupo, nyimbo kumi na nne. Hongera, kumbe mwanao ni mtunzi!" Mbele za watu, na mimi nikashukuru. Ningesema nini?

Najua ni kosa la mashine. Haina macho, kama mimi.

Mama

22 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa safari hii umesaini Mama tu, na nimelitazama neno hilo kwa muda mrefu.

Kwenye orodha ya vyeo vya kukatwa niliandika Mwalimu, Mzee, Dokta, Mama. Hapo nilikosea kwa haraka tu. Lakini siwezi kuisingizia mashine. Mpiga chapa alinitumia nakala ya kusahihisha siku nne kabla ya kuchapa. Nikaiona: Kinanda, nyimbo kumi na nne.

Unakumbuka nilipokuwa kwenye kwaya, mwalimu aliniambia nifungue mdomo lakini sauti niiache? Miaka miwili niliimba hivyo, na wewe ukiwa mstari wa mbele. Nilipoliona jina langu mahali pale nilisikia utamu, Mama. Nikasema nitasahihisha kesho. Siku ya nne nikamjibu mpiga chapa kwamba kila kitu ni sawa.

Nimeshaongeza mstari kwenye programu: jina linaloanza na Mama lisiguswe. Haumsaidii mtu sasa. Nimekuibia, na nimekuibia kwa jina ulilonipa wewe. Naona aibu. Nisamehe.

Mwanao

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Hata kama ni la kunigombeza, niandikie.

Mwanao

11 Agosti

Mwanangu Kinanda,

Hujambo? Mimi sijambo, na mwandiko unauona umenyooka. Daktari amemtoa mtoto wa jicho. Yule mwingine hatolewi, nimeuliza.

Ukimya wangu nusu ulikuwa jicho, nusu hasira. Sikufichi, hasira ilikuwa kubwa. Barua yako niliisoma kwa taabu, neno moja moja, kisha nikaificha chini ya godoro ili mshonaji asiombe kunisomea. Nilipopata macho niliisoma tena, ikaniuma upya. Mama si cheo. Cheo mtu huvuliwa.

Tena ule mdomo mtupu niliujua. Nilikuwa nageuka kukutazama, na nilinyamaza ili nisikose nafasi yangu ya mbele. Na mimi nina kosa langu.

Jumamosi tatu tumekaa akina mama wa kwaya na kalamu. Mbele ya kila Kinanda tumeandika Mama. Mwalimu alitaka nihamishiwe kwenye M, nikakataa, nibaki hapo hapo kwenye K. Fundi Saa naye kajirekebisha mwenyewe, kwa wino mwekundu.

Tumemaliza nakala mia mbili tisini na tisa. Ya mia tatu iko ndani ya bahasha hii, sikuigusa. Fungua faharasa kwenye K, uandike kwa mkono wako, kisha unirudishie. Hiyo ndiyo nitakayoimbia.

Mama Kinanda