Kidoli Mfukoni mwa Shati

Baba Eulalia,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Nimeenda kusagisha mahindi ya tamale zako, za unga wa kufunga kwenye maganda. Ndiyo, zako!

Asubuhi nikifua shati lako nimekuta mfukoni kile kidoli kilichookwa ndani ya mkate wa sikukuu ya Wafalme. Kumbe ulikipata wewe kwenye kipande chako, ukanyamaza usije ukaupikia ukoo mzima tamale kama desturi inavyomtaka anayekipata, huku dada yako Otilia akisingiziwa kuwa amekimeza mpaka akaondoka analia. Na ni huyo huyo uliyemwambia mchuzi wake umezidi chumvi, eti wewe msema kweli!

~~Nitawaambia wote.~~ Nenda kwake leo, ukaseme mwenyewe. Kidoli hiki hapa juu ya karatasi.

Ukimaliza, mwambie na kile cha mwaka jana nilikificha mimi. Mimi naona aibu.

Mama Eulalia