Kwamboka na Kompyuta ya Darasa la Kwanza

Binti yangu Kwamboka,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yangu ya darasani, kwa sababu nikianza kwa Ekegusii cha jikoni kwetu sitafika mwisho wa ukurasa. Na barua hii nimeiacha wazi ili rafiki yako Achieng' naye aisome, maana mengi yaliyomo ni yake pia.

Naikumbuka siku chuo kikuu kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, ukafika nyumbani Ekerenyo nyuma ya pikapu ya majani chai. Wewe na Achieng' mlikuwa mmeikumbatia kompyuta iliyofungwa blanketi kama mgonjwa. Baba yako aliacha jembe akaja kuuliza kama hatimaye tumepata televisheni. Mlicheka mpaka mkakaa chini. Ulikuwa mwaka wenu wa mwisho wa masomo ya kompyuta, na kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza programu ya kazi fulani. Wenzenu walitengeneza za benki na za hoteli. Wewe ulichagua darasa langu.

"Mama, watoto wako watano wanasoma kitabu kimoja, na wawili kati yao wanakisoma kichwa chini," uliniambia. "Acha tujaribu."

Shuleni hapakuwa na umeme. Mzee Kantilal, ambaye ulikuwa ukimsaidia dukani kwake mjini Kisii wakati wa likizo, alituazima jenereta. "Beba pole pole," alisema, "hii iko mzee kama mimi." Tuliiweka nje ya dirisha, ikanguruma hata mwalimu mkuu akaziba masikio, lakini kioo kikawaka. Watoto walipanda juu ya madawati. Sikuwahi kuona darasa langu likinyamaza vile.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni. Chini yake uliandika: Huyu ni nani? Nyanchama, yule binti wa mama anayeuza ndizi sokoni, ndiye aliyetangulia. Alizitafuta herufi kwa kidole kimoja, ulimi nje, mpaka akaandika "baba". Kompyuta ikalia, ikaandika: Umekosea. Akarudia. Umekosea. Akainamisha kichwa.

"Mwalimu, huyu ni mama yangu," aliniambia kwa Ekegusii. "Mbona inamkataa?"

Achieng', Mjaluo wa Kisumu, hakuelewa. Ukamweleza kwamba kwetu Abagusii, mama nyumbani ndiye anayeitwa baba. Achieng' akacheka. Wewe hukucheka. Ulichuchumaa kando ya Nyanchama ukamfuta pua kwa leso yako.

"Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuandika neno peke yake," ulisema, "na sisi tumemwambia hajui jina la mamake."

Kuanzia siku hiyo ulianza kuibomoa programu yako. Niliwasikia mkigombana nje ya jikoni. Achieng' alisema mhadhiri wenu anataka jibu sahihi na jibu lisilo sahihi, mambo mengine yatawapunguzia alama. "Kompyuta inajua ndiyo na hapana, Kwamboka. Haijui huruma."

"Basi tutaiandikia," ukamjibu.

Ukaliondoa neno "umekosea". Mtoto akiandika baba, kompyuta ilijibu: Nyumbani, ndiyo. Kwa Kiswahili tunasema mama. Kila jioni nilikaa nawe nikimenya ndizi, nikakutajia maneno yote yanayowatega watoto wetu, nawe ukanikatiza kwa maswali kama mkaguzi wa shule. Katika jioni zile ndipo nilipokujua ukiwa mtu mzima. Kabla ya hapo nilikuwa na mtoto tu.

Kisha mvua ndefu zikaja na malaria, ile iliyopanda mpaka milimani kwetu tusikoizoea. Ulianza kutetemeka siku ya Sabato, tukiwa bado na nguo za kanisani. Tulipokufikisha hospitalini Kisii ulikuwa ukiniita kwa jina la bibi yako. Kwa muda wa saa moja tu ulirudiwa na akili, na ukaitumia kumtazama Achieng'.

"Usilirudishe lile neno," ulimwambia.

Hukuongea tena. Tulikuzika mvua ikinyesha, udongo ukiteleza chini ya miguu ya wanafunzi wenzako.

Baba yako aliifunika kompyuta kwa lile blanketi, na hapakuwa na mtu aliyeligusa. Muhula wa tatu Achieng' akatokea langoni, amekonda, ana disketi kwenye bahasha. Alikuwa ameimaliza programu peke yake, akimsimamisha kila Mgusii aliyekutana naye chuoni ili amuulize maneno.

"Mwanangu, siwezi," nilimwambia.

Hakubishana. Alichukua kikapu akaja kuchuma chai pamoja nami, akiharibu machipukizi, maana hakuwahi kuchuma. Katikati ya shamba akasema, "Mimi pia siwezi, mama. Lakini sijui nifanye nini kingine." Tukalia pale pale, mikono imejaa majani.

Wiki iliyofuata tuliipeleka shuleni. Sikuwa nimeambiwa kwamba ameliweka jina lako kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Na watoto wa darasa la kwanza wakishajua kusoma husoma kila kitu. "Kwa-mbo-ka," wakaimba. Wakafurahi kuliweza, wakarudia kwa sauti zaidi. Nilitoka nikasimama kando ya jenereta, kelele zake zikanifunika, nikalia kama nilivyoshindwa kulia kaburini kwako.

Niliporudi, Achieng' alikuwa ameinuka. "Niliondoe, mama?"

"Liache," nikamwambia. Nikachukua chaki.

Kompyuta ile imekwisha sasa, unyevu umeimaliza. Achieng' amepata kazi Nairobi. Nyanchama anawasomea wageni hotuba siku ya wazazi. Na dada yako Moraa, aliyeolewa Nyacheki, amejaliwa msichana, akampa jina lako kama ilivyo desturi yetu. Wazee walishangilia. Mimi nilimpokea mtoto, nikambusu, lakini jina halikutoka mdomoni. Nilimwita kadogo. Nilimwita mjukuu. Moraa alivumilia hadi siku moja akaniambia kwa upole, "Mama, mtoto ataanza kudhani hana jina."

Juzi walikuja kututembelea. Amekwisha kuanza kutembea, kule kwa kuyumbayumba. Nilikuwa naingiza kuni, nikamwona ameinyoshea mkono sufuria ya uji iliyokuwa ikichemka.

"Kwamboka!"

Ilitoka kwa sauti yote, ile niliyokuwa nikikuita nayo toka upande wa pili wa shamba. Akasimama. Akageuka, akanitazama, kisha akanijia mikono juu. Nilimnyanyua, kuni zikiwa zimetapakaa sakafuni, na Moraa alikuwa mlangoni nyuma yangu.

Sijapona, mwanangu, sitakudanganya. Lakini mchana ule nilimwita tena, na tena, hata alipokuwa amekaa mapajani pangu, bila sababu yoyote. Kila mara aliitika.

Pumzika huko uliko.

Mama yako,
Ekerenyo